Nilitia rangi suruali nyeusi, maji mawili tu ikachuja

SWALI: Fundi, nina suruali nyeusi ya kazini iliyopauka hadi imekuwa ya kijivu, hasa magotini. Lebo inasema polista asilimia 65, pamba 35. Nilinunua rangi nyeusi ya unga ya nguo, nikaichemsha pamoja na suruali kwa nusu saa, nikatia chumvi na kikombe cha siki ili rangi ishike. Ilitoka na mabakabaka. Nilipoifua mara ya pili maji yakawa meusi tii, suruali ikarudia ukijivu wake. Ninalo pia shati la pamba tupu, bluu ya maji, limepauka mabegani na lina doa jeupe la dawa ya klorini kifuani. Nataka liwe la maruni. Je, niongeze chumvi, au siki?

JIBU: Usiongeze hata kimoja. Chumvi haikukupungukia, na siki ndiyo hasa haikuwa na kazi pale.

Tuanze na lebo yako, maana jibu karibu lote limo humo. Karibu theluthi mbili ya suruali hiyo ni polista, na polista ni jamaa ya plastiki. Rangi ya pamba haiingii ndani yake hata uichemshe siku nzima. Kwa hiyo rangi uliyonunua ilipata pa kukaa kwenye ile asilimia 35 tu, nyingine ikaganda juu juu ikisubiri sabuni. Halafu rangi za unga za kuchemsha na chumvi hushika pamba kwa ulegevu. Chumvi huisukuma rangi itoke majini iende kwenye uzi, lakini haiifungi hapo. Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili, na hata mafundi wenzangu nimewasikia wakisema “tia chumvi ikamatie”.

Siki nayo ina mahali pake: sufu, hariri na nailoni. Hizo hupokea rangi za asidi, na bila uchachu rangi haikolei. Mtu mmoja aliona siki ikifanya kazi kwenye sweta, ushauri ukahamia kwenye pamba, na tangu hapo unazunguka. Kwa pamba, ukitumia rangi ya kujifunga nitakayoieleza hapa chini, tunataka kinyume chake kabisa, yaani magadi, na ukitia siki humo unaua nguvu ya magadi.

Mabaka yana sababu nyingine. Nadhani suruali uliiingiza ikiwa kavu, kwenye sufuria ambamo ilijikunja kwa kukosa nafasi, na hukuikoroga mfululizo. Sehemu iliyokunjika hunywa rangi kidogo, iliyo juu hunywa nyingi. Nguo itiwe rangi ikiwa imelowa sawasawa, imefuliwa bila kubakiza wanga wala dawa ya kulainisha, na iwe inaelea huru. Kipimo changu ni maji mara ishirini ya uzito wa nguo kavu: nusu kilo ya nguo, lita kumi za maji.

Sasa shati. Hilo ndilo ningeanza nalo, kwa kuwa pamba tupu husikia. Tafuta rangi iliyoandikwa kuwa ni ya kujifunga na uzi, inayotumika kwa maji ya uvuguvugu pamoja na magadi soda. Aina hii iliingia sokoni mwaka 1956 kutoka kiwanda cha ICI cha Uingereza, miaka 100 kamili baada ya William Perkin kugundua rangi ya kwanza ya kutengenezwa iliyopata soko, ile ya zambarau. Tofauti yake na rangi ya kuchemsha ni kwamba inaungana na uzi wa pamba kikemia. Ikishaungana, sabuni haiing'oi.

Pima shati likiwa kavu. Kwa rangi ya wastani tumia gramu 2 hadi 4 za unga kwa kila gramu 100 za nguo. Kwa nyeusi au bluu iliyoiva nenda hadi 6 au 8. Watu hubana rangi kwenye nyeusi kisha wakalalamika imetoka kijivu. Koroga unga na maji kidogo uwe kama uji mzito, ongeza maji, kisha uchuje kwa kitambaa, maana chembe moja isiyoyeyuka huacha nukta usiyoweza kuifuta. Wakati wa kufungua unga vaa barakoa na glavu. Vumbi lake likiingia mapafuni mara kwa mara linaweza kuleta mzio wa kudumu, na hapo sitanii.

Yeyusha chumvi gramu 50 kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu (hadi 80 kwa rangi nzito), mimina rangi, tumbukiza shati lililolowa, ukoroge kwa dakika 20. Ndipo yeyusha magadi soda kando, gramu 10 kwa kila lita iliyomo ndani ya beseni. Sogeza shati pembeni, mimina magadi polepole, yasimwagikie juu ya kitambaa. Magadi ya kufulia ndiyo yanayotakiwa. Soda ya kuokea ni dhaifu kwa kazi hii. Baada ya hapo endelea kukoroga kila baada ya dakika chache kwa saa nzima. Maji yaliyobaki usiyahifadhi ya kesho, kwani rangi iliyokaa na magadi hujichosha yenyewe ndani ya maji.

Suuza kwa maji baridi mpaka chumvi na magadi viishe, kisha kwa maji ya moto sana pamoja na sabuni. Hapa utaona rangi ikitoka kwa wingi, usishtuke. Hiyo ndiyo iliyokosa nafasi ya kujifunga. Rudia hadi maji yawe karibu safi, na mara kadhaa za kwanza ulifue peke yake.

Kuhusu maruni, ninapinga. Rangi ya nguo haifuniki kama ya ukuta, inajumlishana na iliyopo. Nyekundu juu ya bluu ya maji itaelekea zambarau, na mabega yaliyopauka yatakuwa mekundu zaidi kuliko mgongo. Lile doa la klorini litabaki jekundu tupu katikati ya kifua. Ukichagua bluu iliyoiva au nyeusi, tofauti hizo humezwa sehemu kubwa, ingawa mtu akikaribia sana anaweza kuona kivuli cha doa. Nyuzi za kushonea huenda ni polista, basi zitabaki bluu ya maji. Wapo wanaopenda mishono kuonekana hivyo.

Suruali inahitaji rangi maalumu ya polista, maji yakitokota karibu nyuzi 100 kwa nusu saa hadi saa moja, katika sufuria ambayo haitapikiwa tena chakula. Ukimaliza, ile pamba asilimia 35 utaitia rangi upya kwa njia ya magadi. Ni kazi mbili kwa suruali moja. Na polista iliyochemka ikipoa ghafla huacha mikunjo isiyonyooka kwa pasi, hivyo iache ipoe humo humo majini taratibu. Kama suruali imeshachakaa magotini, mimi ningeiachia ukijivu wake.

Nguo nyingine isiyo na lebo, chomoa uzi wa kitambaa kwenye upindo wa ndani, ushike kwa kibano juu ya sahani ya maji, uuwashe. Pamba hunuka karatasi ikiungua na kuacha jivu laini. Sufu na hariri hunuka nywele. Polista hujikunja, hutoa moshi mweusi na kuacha kitone kigumu kisichosagika kwa vidole kikipoa. Ukipata jivu na vitone pamoja, una mchanganyiko kama wa suruali yako.