Kabla hujamwaga zege la baraza ya uani

Wewe unayeanza kazi hii, nikuambie mapema: baraza ya nyuma ya nyumba haiharibiwi na watu wala viti. Inaharibiwa na maji.

Ya kwangu ya kwanza niliimwaga ikakaa sawa kama meza, kipovu cha pimamaji katikati kabisa. Nikajisifu. Mvua ya kwanza maji yakasimama chini ya ukuta, na baada ya muda rangi ikaanza kubanduka. Nikavunja kwa nyundo kazi ya siku tatu. Tangu hapo navuta kamba mbili: ya upande wa nyumba iwe juu, ya nje ishuke sentimita 2 kwa kila mita. Baraza ya mita 3 inashuka sentimita 6, na ukikaa hapo hata huhisi.

Chini ya zege ndiko wengi wanakokimbiza kazi. Toa udongo wenye nyasi na mizizi, weka kokoto au kifusi kisafi sentimita 10, ushindilie. Ukikanyaga kwa kisigino pakabonyea, bado. Zege lenyewe sentimita 10 linatosha kwa watu. Pa kupita gari ni hesabu nyingine.

Saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 3. Pima kwa ndoo, si kwa beleshi, maana beleshi la asubuhi na la alasiri mkono umechoka hayalingani. Maji ndiyo mtego. Mfuko wa kilo 50 uishie kwenye lita 25 hivi, na mchanga ukiwa mbichi punguza. Zege la uji huvutika kirahisi, msaidizi wako atakushukuru, ila maji ya ziada yakishatoka huacha vitundu, na miezi michache baadaye kila ukifagia unazoa unga.

Zege likikauka hujivuta, kwa hiyo litapasuka tu. Lichagulie pa kupasukia: kata mstari kila mita 2.5, kina robo ya unene. Kwenye njia yenye upana wa mita 1, kata kila mita 1 au moja na kidogo, vipande vikaribie mraba. Linapokutana na ukuta, tenganisha kwa ukanda wa sponji.

Usikimbilie mwiko. Subiri maji yaliyopanda juu yapotee, la sivyo unayafungia ndani na ngozi ya juu itabanduka. Mimi hukanyaga pembeni. Kiatu kikiacha alama ya nusu sentimita, naanza. Malizia kwa ufagio, ukiuburuta kukatisha upande watu wanakopita. Uso wa kung'aa ukilowa unaangusha watu.

Kisha funika kwa nailoni na ulidumishie unyevu siku 7, maana sasa maji ndiyo yanayolikomaza. Kesho yake mwenye nyumba atakuja na meza yake mkononi. Mrudishe nayo ndani.