Mshumaa uko upande gani? Kwa mnaoanza kuchambua michoro

Wadogo zangu, nimesoma rundo jingine la kazi zenu na ni yaleyale: fuvu ni kifo, mtoto ni uhai, mshumaa ni roho, basi. Hiyo ni orodha, bado hamjachambua kitu.

1. Andika kwanza unachokiona na mahali kilipo. Maana itakuja baadaye.

2. Jua mavazi ya zama zile. Hapa ndipo nilipoumbuka. Kazi yangu ilihusu mchoro wa Jan van Eyck wa mwaka 1434, bwana na bibi Arnolfini wameshikana mikono chumbani. Nikaliona tumbo la bibi, nikajaza kurasa kuhusu mimba, rutuba na uhai mpya. Hata kijani cha gauni nikakitia humo. Mhadhiri hakubishana nami. Alifungua tu mchoro mwingine wa van Eyck huyohuyo: Mtakatifu Katarina, bikira, mwenye tumbo lilelile! Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe ni gauni la kitambaa kingi lililokusanywa mbele, ndio mtindo wa wakati ule.

Akauliza taratibu, "Na mishumaa je?" Mimi nilikuwa nimeandika "mshumaa unawaka" nikapita zangu. Unaowaka ni mmoja, upande wa mume. Upande wa mke imebaki nta iliyochuruzika. Kioo cha ukutani nacho kimezungukwa na vipicha kumi vya mateso ya Yesu: upande wa mume yu hai, upande wa mke ni kufa na kufufuka. Ndiyo maana wako wataalamu wanaoshikilia kwamba bibi yule alikwisha fariki mchoro ulipochorwa. Wengine wanapinga, na wana hoja zao. Ila mimi nilikuwa nimempa ujauzito mtu ambaye huenda alikuwa marehemu.

3. Sogea. Kwenye "Mabalozi", mchoro wa Holbein wa mwaka 1533, lile doa refu chini ni fuvu, lakini mpaka ulitazame kutoka ubavuni. Kona ya juu kushoto kuna msalaba uliojificha nyuma ya pazia. Wengi mmeshangilia fuvu, msalaba hamkuuona.

4. Hakikisheni toleo. Mchoraji Klimt alipata tuzo Roma mwaka 1911 kwa mchoro wake "Kifo na Uhai", kisha mwaka 1915 akaupaka upya, mandharinyuma akayabadilisha. Kuna mmoja wenu kaeleza toleo la kwanza, picha kaambatisha ya pili. Simtaji. Anajijua, na ana hadi Ijumaa.