Kurudi nyumbani kwa muda

Swali: Mhariri, mimi ni daktari ninayeishi ughaibuni. Je, naweza kurudi kufundisha kwa miezi michache bila kuhama moja kwa moja?

Jibu: Ndiyo, ndugu msomaji. Mwaka 1977 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilianzisha nchini Uturuki mradi wa TOKTEN, wa kurudisha ujuzi kupitia raia walio ughaibuni, ambao wataalamu wake hurudi kwa kujitolea, wakilipiwa nauli na posho ya kujikimu badala ya mshahara. IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, nayo ilianzisha mwaka 2001 MIDA, mpango wa namna hiyo kwa Waafrika walio ughaibuni. Kabla ya safari, uliza kwa maandishi kibali chako cha ukaazi kinaruhusu kutokuwepo kwa muda gani. Ukifika, usiwatibu wagonjwa wote mwenyewe: mwachie daktari kijana ashike kifaa cha ultrasaundi, nawe usimame nyuma yake, hata akichelewa, kwani ndiye atakayebaki.