Turpitude si uzinzi tu
Wapo wanaodhani neno la Kiingereza turpitude maana yake ni uzinzi tu. Hapana, sio uzinzi peke yake, ni uovu wa tabia kwa jumla, ule wa mtu asiye na haya. Asili yake Kilatini, turpis, yaani kibaya cha kuchukiza, ikapitia Kifaransa ndo ikaingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 15. Siku hizi utaikuta sana kwa mawakili, kule Marekani neno hili limo kwenye sheria ya uhamiaji tangu 1891 na mwaka 1951 Mahakama ya Juu yao ikasema hata utapeli wa kukwepa kodi ya pombe unahesabika kuwa turpitude, mhamiaji aliyeufanya akawa wa kurudishwa kwao. Ila sheria yenyewe haijaeleza maana yake, so mahakimu wanaamua kesi kwa kesi.