Atawazoea Mbwa Kwanza, Wewe Baadaye

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama ni busara kumchukua mbwa mwoga aliyeokolewa mitaani ili awe mwenza wa mbwa ulio nao. Mimi nasema ni busara, mradi ujue unamchukulia nani. Ukimtaka kwa ajili ya mbwa wako, hutajuta. Ukitaka askari wa geti, tafuta mwingine.

Hapa Kiamunyi mbwa hufugwa alinde boma. Nilipomleta jike aliyeokotwa karibu na dampo la Gioto, jirani alimwona amejikunyata nyuma ya tangi la maji, akaniuliza, "Sasa huyu atashika mwizi gani?" Hatashika yeyote, na sikumleta kwa kazi hiyo. Mbwa wetu Simba amezeeka, hataki tena michezo, na Popi, dume ambaye bado ana damu ya ujana, alikuwa ameanza kutafuna viatu vya watu kwa kukosa wa kucheza naye.

Mbwa hujifunza nani wa kuaminiwa akiwa mdogo sana, kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Aliyekulia dampo, muda huo wote alikuwa na mama yake na mbwa wenzake. Binadamu alimjulia kwenye mawe. Ndiyo maana Gioto (watoto walimwita hivyo, jina likashika) alilala ubavuni mwa Popi kitambo kabla hajakubali mkono wangu. Ukimkazia macho, anageuza kichwa, anapiga miayo, analamba pua, weupe wa jicho unajitokeza. Mgeni atadhani ana usingizi au njaa, kumbe ni hofu. Basi nikawa naketi kwenye ngazi ya jikoni, nimempa mgongo, natupa vipande vya matumbo nyuma yangu bila kugeuka. Popi alifika mbio, kama kawaida yake ya ulafi. Baadaye nikasikia mdomo wa pili ukitafuna. Mbwa mwoga humtazama mwenzake: huyu amemkaribia mtu na hakupigwa, basi nami nijaribu.

Wapo wanaosema woga huambukiza. Ni kweli, kama mbwa wako mwenyewe hushtuka kila radi ikilia. Hapo utakuwa na wawili wanaotishana usiku kucha. Kwa hiyo mchunguze kwanza uliye naye. Anayelinda sufuria yake kwa meno, au aliyezoea kuonea wadogo, usimletee mnyonge. Dume na jike kwa kawaida hupatana upesi. Majike wawili wakikosana, ugomvi wao ni mbaya zaidi na huchelewa kuisha.

Kabla ya kuwakutanisha, muone daktari wa mifugo. Mgeni akae peke yake kama wiki mbili, atolewe minyoo na kupe, apate chanjo ya kichaa, na ya distempa na parvo, magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa. Parvo ndiyo inayonitisha: virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi na sabuni ya kawaida haivimalizi, sakafu inahitaji jiki. Chanjo ya kichaa mara nyingi hutolewa bure karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo uliza ofisi ya mifugo ya kaunti.

Siku ya kukutana, wapeleke nje ya boma, mahali ambapo hakuna mwenyeji. Kila mmoja na kamba yake, legevu, watembee sambamba kwanza, kunusana kutakuja. Nyumbani kila mmoja ale kwenye sufuria yake, mbali na mwenzake.

Halafu kagua ua. Sisi tuna michongoma, na kwa macho ya mtu imefungamana kabisa, lakini chini kwenye mashina mbwa mwembamba anapita. Wiki za mwanzo ndizo anazotoroka, na akishatoka hatakuja ukimwita, maana jina lenyewe bado halijui. Tuliziba kwa mabati ya zamani.

La mwisho ni kufunga kizazi. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi tu, na ukiwa na dume kama Popi utajikuta unagawa watoto wa mbwa mtaa mzima. Muulize anayekupa kama ameshafanyiwa. Akisema bado, panga siku na daktari kabla hujamfungulia geti.

Msomaji wenu,
Kiamunyi, Nakuru