Uliza Nikujibu: Migomba ya shosho ising'olewe yote

Wasomaji wangu, mwezi huu simu imejaa meseji za GMO (viumbe waliobadilishiwa jeni maabara), miche ya maabara na jeni (maagizo ya urithi yaliyo ndani ya kila seli). Siwezi kujibu zote hapa, nimechukua nne, na ile ya migomba nimeijibu kwa urefu juu najua iko kwa boma nyingi.

Mama Brayo, Githurai: Dadangu, nauza mahindi mabichi na nyanya hapa steji, siku hizi kastoma anainua mhindi anaugeuza anauliza "mama, hii si GMO?" Mtu atajuaje kwa macho? Na zile papai fupi na tikiti hazina mbegu, hizo si GMO?

Mama Brayo, kwa macho hutajua, hata mtaalamu hawezi, ni mpaka sampuli iende maabara. Lakini nikutoe wasiwasi, mpaka naandika hapa zao la GMO ambalo wakulima wa Kenya wamelipanda kibiashara ni moja tu, pamba, ile ya Bt iliyokubaliwa Desemba 2019, imewekewa jeni kutoka kwa bakteria wa udongo na funza wa vitumba akiila anakufa. Mahindi yana hadithi yao: GMO zilipigwa marufuku kuingia nchini Novemba 2012, baraza la mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022, watu wakaenda kortini na mvutano ukaendelea. Papai fupi ni kazi ya kuzalisha na kuchagua tu, mtu anavusha chavua, anangoja watoto, anachukua mzuri. Tikiti bila mbegu nayo mzazi wake mmoja ameongezewa seti za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni), akizaa na wa kawaida mtoto anatoka tasa, hakuna jeni ya kiumbe kingine hapo. Mimi ningefurahi zaidi hao kastoma wakianza kuuliza hizo nyanya zilipuliziwa dawa gani na lini.

Kijana wa Kasarani: Sasa dada, mama yuko Murang'a ana migomba kama sitini, kuna kisukari, kuna ya kupika, na kuna mingine ya shosho hata jina sijui. Jamaa amekuja na pikapu ya miche ya tishu kalcha anamwambia ang'oe yote apande aina moja, ati hiyo ndiyo bioteknolojia. Mama ananiuliza mimi niliyesoma na sijui nimwambie nini. Hiyo ni GMO?

Si GMO, hapo mama alale, tishu kalcha ni kukuza miche chupani kutoka kipande kidogo cha mmea. Niliwahi kuingia maabara moja huko Juja nikasimama karibu saa nzima naangalia. Dada mmoja amekaa mbele ya kabati ya kioo inayopuliza hewa safi, ameshika chipukizi la mgomba analimenya ganda kwa ganda kama kitunguu mpaka anabaki na kipande kama ukucha wa kidole kidogo, ameshakiosha na jiki, anakikata, anakitia kwa chupa yenye uji mzito wa sukari, madini na homoni. Baada ya wiki kadhaa kile kipande kinatoa vichipukizi pembeni, vinatenganishwa, kila kimoja kinaenda chupa yake, vinatoa vingine, na hivyo hivyo mpaka chipukizi moja limekupa mamia ya miche. Halafu homoni inabadilishwa vitoe mizizi, vinatolewa chupani na kuwekwa kivulini vizoee dunia polepole juu vimelelewa kama watoto njiti.

Faida yake ni ya kweli, sitaki mtu aseme nimeikataa. Chipukizi la kuomba kwa jirani mara nyingi linakuja na fukusi, minyoo ya mizizi na ule ugonjwa wa kunyauka, lakini mche uliotoka kwa mama safi aliyepimwa unaanza bila hayo yote, tena shamba linakomaa kwa wakati mmoja, dila akija na lori anajaza anaenda.

Sasa shida. Ile miche yote ni mgomba mmoja umerudiwa mara mia, kwa hivyo kinachoua mmoja kinaua wote. Hii si kutisha watu, ilishatokea. Ndizi iliyokuwa inauzwa dunia nzima zamani ilikuwa Gros Michel, na ugonjwa wa Panama, ambao ni kuvu wa udongoni, ukamaliza mashamba ya Amerika ya Kati mpaka kufika miaka ya 1960 makampuni yakaiacha yakahamia Cavendish. Leo kuna sura nyingine ya kuvu huyo inaitwa TR4, hiyo Cavendish haiiwezi, na 2013 ilithibitishwa Msumbiji, bara letu hili hili. Ikishaingia udongoni inakaa miaka na miaka, hakuna dawa ya kupulizia.

Na dawa ilitafutwa wapi? Hapa ndipo nataka mama asikie vizuri. Wanasayansi wa Australia walienda kwa ndizi pori ya Asia, ndogo, imejaa mbegu ngumu, hakuna mtu angeinunua sokoni, wakachukua jeni yake moja inaitwa RGA2 wakaiingiza kwa Cavendish, na 2024 ndizi hiyo ikapata kibali huko kwao. Hiyo ni GMO, ya kisasa kabisa, na bado ilibidi wakaombe kwa mmea wa porini. Maabara haikutunga kinga hiyo, iliipata imeshakaa huko. Kama ile ndizi pori ingekuwa imeng'olewa kupisha kitu kizuri zaidi, wangechukua wapi?

Kitu kingine ambacho watu hawafikirii ni kwamba ndizi zetu hazina mbegu. Mtama, kunde, managu, unaweza kukausha mbegu ukapeleka kule Muguga kwa benki ya jeni ya taifa zikawekwa kwenye baridi, na huko wana sampuli karibu 50,000. Mgomba haukauki ukaingia kwa pakiti, lazima uwe hai, ama shambani ama chupani. Kule Leuven, Ubelgiji, wanatunza zaidi ya aina 1,500 za ndizi ndani ya vichupa. Kwa hivyo migomba ya shosho wako, kama haiko mahali pengine, benki yake ni hilo shamba la mama na mama ndiye anaitunza.

Mwambie hivi. Ang'oe migonjwa tu. Sehemu hiyo apande miche ya tishu kalcha, aina mbili ama tatu, anunue kwa nasari yenye leseni ya KEPHIS (wakaguzi wa serikali wa afya ya mimea) na si kwa pikapu ambayo kesho haiko, na ajipange na samadi na maji ya miezi ya kwanza juu miche hii haivumilii kiangazi ikiwa michanga. Panga aioshe na jiki kabla ya kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ile ya shosho ibaki upande wake. Na wewe ukienda huko wikendi muulize shosho majina, andika, piga picha ya kila mkungu na useme unapikwa vipi. Tafadhali fanya hiyo mwaka huu, usingoje.

Mwanafunzi wa fomu four, Eastleigh: Anti, mwalimu wetu wa baolojia alisema kuna jinzi zilipaushwa na vitu kutoka Ziwa Bogoria na Kenya haikulipwa. Ni ukweli ama ni story?

Ni ukweli mwanangu. Zamani jinzi zilipaushwa kwa kuzungushwa mashineni na mawe ya volkano, yale mepesi ya kusugulia visigino, mawe yanakula kitambaa na mashine pia. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na vimeng'enya, yaani protini za viumbe hai zinazoharakisha kazi za kikemikali. Maji ya Bogoria ni ya magadi makali na kando yake kuna chemchemi zinachemka, bakteria anayeishi huko vimeng'enya vyake haviogopi joto wala sabuni, ndiyo maana viwanda vinavitaka. Watafiti kutoka nje walichukua sampuli mwanzoni mwa miaka ya 90, baadaye kampuni ya Marekani ikatengeneza bidhaa, na 2004 KWS, shirika letu la wanyamapori, wakatoka wakadai sehemu yao wakisema hakuna aliyeruhusu biashara.

Kinachoniuma ni kwamba maandishi ya Mkataba wa Bayoanuwai, unaosema viumbe vya nchi ni mali ya nchi hiyo na faida igawanywe kwa haki, yalikubaliwa hapa hapa Nairobi tarehe 22 Mei 1992, ndiyo maana tarehe hiyo ni siku ya bayoanuwai duniani. Kanuni zetu za vibali zilikuja 2006 chini ya NEMA (mamlaka ya mazingira), na Itifaki ya Nagoya, nyongeza ya mkataba huo kuhusu kugawana faida, ikaanza kufanya kazi 2014. Ukija kuwa mtafiti, uliza kibali kabla ya kuchota hata chupa moja ya matope, na uulize pia wale wanaoishi kando ya ziwa wanapata nini.

Baba Shiru, Umoja: Vifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili, wote wa kike, na bado pesa zinamwagwa kwa maabara. Si hiyo ni kupoteza?

Baba Shiru, nilikuwa nafikiria kama wewe. Najin na binti yake Fatu wako Ol Pejeta, Laikipia, dume la mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Tangu Agosti 2019 mayai yamekuwa yakitolewa, yanapelekwa Italia, yanarutubishwa na mbegu za madume waliokufa zilizogandishwa, na viinitete vinakaa kwa naitrojeni baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Januari 2024 walitangaza kiinitete cha kifaru mweupe wa kusini kimeshika mimba kwa mara ya kwanza duniani, kijusi cha siku 70, sentimita 6.4, dume. Mama aliyebeba alishakufa kwa bakteria baada ya mafuriko. Kwa hivyo njia inawezekana, na kama tumefika hapa mimi naona waendelee.

Ila hizo mbegu ni za madume wachache sana, hata wakizaliwa watakuwa karibu ndugu wote, ndiyo maana sasa wanajaribu kutengeneza mayai kutoka kwa seli za ngozi zilizohifadhiwa za vifaru wengine. Vifaru weusi tunao bado, wanazaana wenyewe msituni bila daktari, wanahitaji ulinzi na nafasi, na hiyo ni bei ndogo sana ukilinganisha.