Maputo walisaini mbaazi, sisi tulisaini maji

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Kati ya China, India, Uturuki na nchi za Ghuba, Tanzania imwegemee nani zaidi?" Mimi nasema asiegemewe yeyote, isomwe karatasi. Naanzia shambani, si Ikulu.

Julai 2016 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alizunguka nchi nne kwa siku chache: Msumbiji, Afrika Kusini, Tanzania na Kenya. Tarehe 7, Maputo, yalitiwa saini makubaliano ya miaka mitano ya India kununua mbaazi na jamii nyingine za kunde, kuanzia tani 100,000 mwaka wa kwanza hadi 200,000 mwaka wa tano. Tarehe 10 akawa Dar es Salaam. Hapa pia kalamu zilifanya kazi, na kubwa kuliko yote ulikuwa mkopo wa dola milioni 92 wa maji ya Zanzibar. Ni jambo jema, hakuna anayekataa. Ila mbaazi hazikuwamo.

Agosti 2017 India ilikuwa imevuna hadi kufurika. Serikali yake, ikiwalinda wakulima wake, ikatangaza ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zote kutoka nje. Ndani ya tangazo hilohilo kulikuwa na sentensi moja ndogo: ukomo hautahusu mzigo ambao serikali ya India imeuahidi kwa makubaliano na nchi nyingine. Soko ni moja, hivyo bei ilishuka ng'ambo zote mbili za mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Lakini ng'ambo ya kusini walibaki na mlango, na sisi wa Lindi na Mtwara tukabaki na magunia. Mbegu zilezile, mnunuzi yuleyule, na ziara ileile ya kiongozi yuleyule.

Malawi walijifunza. Mwaka 2021 wakaandikiana na India tani 50,000 za mbaazi kwa mwaka, kwa miaka mitano.

Hata hivyo karatasi yenyewe haitoshi kama haisemi nani anafanya nini. Mwishoni mwa 2023 shehena za mbaazi zilikwama bandari ya Nacala, makubaliano yakiwa hai kabisa, kwa sababu kampuni zinazosafirisha mazao kutoka Msumbiji zilikuwa zinagombana zenyewe kwa zenyewe mahakamani. Kwa hiyo makubaliano ya zao lolote yanahitaji mambo haya, na yote yakae kwenye ukurasa wa saini wala si "yatajadiliwa baadaye": kiasi cha chini kwa kila mwaka, dirisha la tarehe za kupokea mzigo, ofisi inayotoa cheti cha asili (kinachothibitisha zao limetoka nchi gani), kiwango cha unyevu na uchafu kinachokubalika, na namna ya kugawa vibali vya kusafirisha. Hicho cha mwisho ndicho huachwa wazi mara nyingi, maana ndicho chenye ulaji.

Kwa upande wa China hadithi ni fupi zaidi. Tangu Desemba 1, 2024 nchi maskini zaidi zenye uhusiano wa kibalozi na Beijing, nasi tumo, zinaingiza bidhaa zake zote bila ushuru. Watu wakashangilia kana kwamba lango limefunguka. Ushuru sifuri si ruhusa ya kuingia. Kila zao la shambani linahitaji itifaki yake ya afya ya mimea, kama ile ya parachichi iliyosainiwa Novemba 2022, kisha kila shamba na kila ghala la kufungashia liandikishwe kwa mamlaka ya forodha ya China. Zao lisilo na itifaki linaishia gatini, hata kama ushuru wake ni sifuri.

Sasa mikopo. Hapa watu huangalia riba peke yake, na ndipo wanapopigwa. Chukua mikopo ya serikali ya India, kama ule wa dola milioni 268.35 uliopeleka maji ya Ziwa Victoria hadi Tabora, Igunga na Nzega. Riba ni ndogo na muda ni mrefu. Lakini kanuni ya mikopo hiyo ni kwamba kwa kawaida asilimia 75 ya bidhaa na huduma itoke India, na zabuni hushindaniwa na kampuni za India. Pampu ikiuzwa ghali kwa asilimia 15 kuliko bei ya soko la dunia, nafuu ya riba imeanza kuliwa pale pale. Afisa wa Hazina anayejua kazi yake huomba kwanza bei ya pampu ileile kwa mnunuzi asiye na mkopo, ndipo asome riba. Halafu kuna sarafu. Mwaka 2022 dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilivuka 2,600. Awamu ya kulipa deni ya dola milioni 10 iliyokuwa shilingi bilioni 23 ikawa bilioni 26, na hakuna aliyekopa hata senti ya ziada.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wana msemo wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la reli zetu linafaa kusomwa kwa sauti.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China wa yuani milioni 988, usio na riba, kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 90,000. Si deni lililoiangusha. Vichwa vya kwanza vya haidroliki vilishindwa na mlima wa Mlimba hadi Makambako, na miaka ya 1980 ikabidi kununua vichwa vya teknolojia ya General Electric vilivyoundwa Ujerumani Magharibi. Hapo karakana ikawa na familia mbili za vipuri na bajeti ya familia moja. Juu yake kukawa na wenye hisa wawili nusu kwa nusu, na sheria iliyotaja hata uraia wa mtendaji mkuu: bosi Mzambia, msaidizi Mtanzania. Kila uamuzi mkubwa ulisubiri mawaziri wa nchi mbili wakutane. Ukodishaji wa miaka 30 kwa kampuni ya ujenzi ya CCECC ya China, wa dola bilioni 1.4, uliosainiwa 2025, utapimwa hapo hapo: nani anashika bajeti ya vipuri, na nini kinatokea mzigo usipofika.

SGR, reli yetu mpya ya umeme, nayo ni somo la aina yake. Njia hadi Makutupora ilijengwa na Yapi Merkezi wa Uturuki. Vichwa 17 vya umeme na mabehewa 80 ya treni za umeme tunazoziita mchongoko vimetoka Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Mabehewa 1,430 ya mizigo yametoka CRRC ya China. Kisiasa huu ni ujanja mzuri, hakuna mmoja anayeweza kutushika shati. Kiufundi una gharama: mitambo ya ishara ya huyu lazima izungumze na kompyuta ya kichwa cha yule, na treni ikisimama Ngerengere kila mkandarasi ananyoosha kidole kwa mwenzake. Dawa iko kwenye viambatisho vya mkataba, si kwenye hotuba za uzinduzi. Humo itakiwe michoro kamili, vipuri vya miaka mitano ya mwanzo kwa orodha na bei, idadi ya mafundi watakaosomeshwa, na haki ya shirika letu la reli, TRC, kutumia programu ya kuchunguza hitilafu bila kuomba nenosiri Seoul.

Tukigombana, nani anaamua? Sheria ya 2017 ya mamlaka ya nchi juu ya rasilimali inataka migogoro ya rasilimali iamuliwe hapa nchini. Vizuri, lakini mikataba ya kulinda uwekezaji iliyosainiwa zamani bado inafunga. Julai 2023 wasuluhishi wa ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, waliamuru tulipe zaidi ya dola milioni 109 kwa leseni ya nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea. Mwaka uliofuata tukamalizana kwa dola milioni 90. Kampuni mama ilikuwa ya Australia, ila mlango uliotumika ni mkataba wetu na Uingereza wa 1994. Mkataba wetu na Uholanzi tuliuvunja, ukakoma 2019, lakini unaendelea kuwalinda wawekezaji wa zamani kwa miaka 15 zaidi. Na China tunao pia, uliosainiwa Machi 2013 Xi Jinping alipokuja Dar. Wanaodhani kesi za kimataifa ni za wazungu tu wausome huo.

Bunge je? Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa kazi ya kuridhia mikataba "ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa". Makubaliano ya serikali mbili kuhusu bandari na Dubai yalipita humo Juni 10, 2023. Mikopo na mikataba ya kibiashara, ambako ndiko fedha zilipo, kwa kawaida haina masharti hayo, hivyo haifiki kule.

Narudi Nachingwea. Mbaazi za kusini hupandwa Desemba na Januari. Ruhusa ya India ya kuingiza mbaazi bila ukomo imekuwa ikiongezwa kwa tangazo, mwaka baada ya mwaka, ikiishia Machi 31. Mkulima anapanda kabla hajajua, anavuna baada ya tarehe kupita. Ubalozi wetu wa New Delhi ukitaka makubaliano ya miaka mitano kama ya Maputo, ufunge mazungumzo Oktoba, kabla mtu hajanunua mbegu.